Chagua moja, Mwalimu!

Wiki hii mwenzenu sina utani sana. Kuna mzee mmoja wa vipuri pale Kariakoo kanipa kazi ya kudumu, mshahara kila mwisho wa mwezi, ila kwa sharti: habari za kuandika magazetini niache. "Chagua moja, kijana." Nami mfukoni nina ukapa wa kufa mtu!

Nikaenda kumlilia babu yangu mdogo, Gongo la Mboto. Shikamoo, marahaba, chai ya rangi. Mzee akacheka. "Mjukuu wangu, hata mwalimu wa shule yetu yalimkuta hayo hayo."

Babu alisoma Mtakatifu Fransisko, Pugu, enzi za mapadri. Ukimgusa hapo utakesha. Kengele kabla ya jua, misa, fagio, darasa, mpira jioni, halafu kujisomea kimya, hata chafya unaibana. Bweni moja Mhaya, Mchaga, Mngoni, Mmakonde, mnagombea sufuria moja la maharage. Kabila lako utalikumbuka likizo. (Benjamin Mkapa, ambaye vijiweni walimbatizia huo ukapa wangu, naye alisoma hapo.)

Sasa sikia. Mwaka 1953 ilipata mwalimu mpya, katoka Edinburgh na digrii yake: Julius Nyerere. Inasimuliwa kuwa alikuwa akishuka mjini kwenye mikutano, mara nyingine kwa mguu, zaidi ya kilomita 20, kisha anarudi kushika chaki. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa, yeye ndiye rais wake. Machi 1955 akaenda New York, Umoja wa Mataifa. Aliporudi mambo yakawa magumu: ualimu au siasa, si vyote. Mwezi huo huo akaacha kazi. Sisi shuleni tuliandika "alijiuzulu" kwenye daftari, tukafunga tukaenda kula. Hebu fikiria wewe: una mke, familia changa, halafu mshahara kwaheri! Akarudi kwanza kwao Butiama.

Kisa hakikuishia hapo. Huyo huyo mwalimu, akiwa Rais na Mkatoliki wa kweli, ndiye ambaye serikali yake kwa Sheria ya Elimu ya 1969 ilizichukua shule za misheni, Pugu ikiwemo, ili watoto wa dini zote wapate nafasi.

"Tulilala wa Askofu, tukaamka wa Serikali," anasema babu. Alichukia? Sana tu. Padri wake wa hesabu alipofungasha, yeye alilia chooni ili wenzake wasimwone. Lakini muhula uliofuata kitanda cha jirani akalala kijana wa Kiislamu kutoka Kilwa, na miaka baadaye ndiye aliyempelekea posa kwa bibi. Mpaka leo Idi babu yuko kwake, Krismasi yeye yuko kwa babu.

Nilitaka aniambie nichague nini. Akaniuliza tu, "Huyo wa vipuri kakupa mpaka lini?"

Jumatatu.

Nikapanda daladala kurudi mjini. Barabara ile wazee waliiita Pugu Road. Leo ni Barabara ya Nyerere, na kwa foleni yake nilikuwa na muda wa kutosha wa kuwaza. Wiki ijayo ukiikosa safu hii, njoo Kariakoo ununue mkanda wa feni. Nitakupunguzia bei.