Nani Mwenye Hadithi?

Mji wa Babati umekaa penye njia panda. Barabara itokayo Arusha hufika hapo ikagawanyika, moja ikaelekea Singida, nyingine ikashika njia ya Kondoa hadi Dodoma. Kando ya mji liko ziwa lenye viboko, na juu yake umesimama mlima Kwaraha. Tangu mwaka 2002 mji huu umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Lugha nazo zimekutana hapo kama zilivyokutana barabara: Kiiraqw na Kigorowa ni lugha za Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kimbugwe na Kirangi ni za Kibantu, na Kiswahili ni sebule ya wote. Mahali kama hapo hapakosi hadithi, na penye hadithi hapakosi ubishi.

Ubishi wa zama hizi huzuka katika vibanda vya video, na mbele ya simu inayopokezanwa na vijana watatu au wanne. Wamekwisha kutazama sinema ya majoka, pete za uchawi na wafalme wasiokufa, na sasa mashauri yamefunguliwa. Je, shujaa yule alistahili kufa? Je, malkia aligeuka kuwa katili kwa ghafula, au ukatili ulikuwa ndani yake tangu mwanzo? Aliyekisoma kitabu husimama akasema kwamba sinema imekidhulumu. Asiyekisoma humjibu kwamba yeye alilipa kiingilio kutazama sinema, hakulipa kusikiliza kitabu.

Wapo wenye elimu wanaoupita ubishi huu wakicheka. Husema kwamba ni upuuzi vijana kupotezeana wakati juu ya watu wasiokuwako. Dai hilo halihitaji jibu refu. Sungura wa hadithi naye hakuwako, wala fisi aliyedanganywa naye. Lakini vizazi kwa vizazi vimepimia hila na ulafi katika mizani ya wanyama hao wawili. Anayeuliza kama mtu wa kubuni ametenda haki anauliza haki ni nini. Akili inayofanya kazi hiyo benchini haina upungufu mbele ya akili inayoifanya darasani.

Adui mkubwa wa hadithi si huyo mwenye dharau. Ni yule anayejiita mlinzi wake. Huyu amejitungia sheria moja: kwamba kila hadithi ina asili moja iliyoandikwa, na kila mabadiliko ni uharibifu. Hoja yake ikiulizwa, hufungua ukurasa. Sinema ikihitilafiana na ukurasa, hukumu imekwisha kutolewa. Sheria hiyo inaonekana kuwa ya heshima. Ikipimwa, haisimami.

Na ipimwe kwanza kwa Fumo Liyongo, jabari wa pwani. Edward Steere alichapa habari zake mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Unguja. Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga utenzi wake mwaka 1913. Wote wawili walikuja baada ya Liyongo kuimbwa na kusimuliwa kwa karne nyingi. Basi asili ni ipi? Mzungu aliyetangulia kuchapa? Mshairi aliyekuja baadaye akapendwa zaidi? Au bibi wa Pate aliyesimulia kabla yao wote na jina lake halikuandikwa? Hakuna awezaye kuonyesha karatasi ya kwanza, kwa kuwa karatasi ya kwanza haikuwako. Hata hivyo, kila msikilizaji anamjua Liyongo wa uongo akimsikia. Msimulizi akisema kwamba Liyongo aliuawa na jeshi katika vita vya haki, watu watamkatiza. Mtu ambaye silaha hazikumdhuru hana budi kuuawa kwa sindano ya shaba, kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Usaliti huo ndio fundo, na fundo likifunguliwa hadithi yote inaanguka. Kuna kitu kinacholindwa, lakini kitu hicho si maneno ya ukurasa.

Na ipimwe mara ya pili kwa Sultani Darai, hadithi iliyomo katika mkusanyo huohuo wa Steere. Ni ndugu wa hadithi ya paka mwenye viatu, ambayo Charles Perrault aliichapa Ufaransa mwaka 1697. Huko paka mwerevu humtajirisha bwana wake maskini kwa hila, kisha naye huwa mkubwa na kuishi kwa raha. Katika Kiswahili paka amekuwa paa. Maskini ni mtu anayechakura jaani. Nyumba ya kitajiri hutekwa kutoka kwa nyoka mwenye vichwa saba. Mwisho wake ni tofauti kabisa. Paa anaugua, bwana anamnyima hata uji mzuri, paa anakufa kwa uchungu na kutupwa kisimani, na bwana anajikuta yu jaani tena, akichakura kama siku ya kwanza. Mlinzi wa asili angeshika kalamu nyekundu aandike kwamba mwisho umeharibiwa. Kumbe ulioharibiwa ndio mzito zaidi. Hadithi ya Mfaransa inasifu werevu. Hii inauliza shukrani iko wapi. Kama sheria ya mlinzi ingalitawala Unguja, swali hilo lisingaliulizwa.

Hapo atasema: Kumbe kila mtu na afanye apendavyo? Hasha. Kukataa sheria mbovu si kukataa sheria zote. Peter Jackson alipoifanya sinema hadithi ya pete ya J. R. R. Tolkien, kati ya mwaka 2001 na 2003, alimwacha nje kabisa Tom Bombadil, na wengi walinung'unika. Vilevile alimbadili Faramir. Katika kitabu, Faramir anaupata uwezo wa kuitwaa pete akaukataa. Katika sinema anawachukua mateka wenye pete kabla ya kuwaachilia. Manung'uniko haya mawili si sawa. Anayelia kwa sababu Bombadil hayumo anahesabu kurasa tu. Anayelia kwa ajili ya Faramir anasema jambo: kwamba mtu mmoja aliyeonyesha kuwa kishawishi chaweza kukataliwa amefanywa kama wengine, na tumaini hilo limepungua. Anaweza kujibiwa kwamba pete inayokataliwa kwa wepesi haiogopeshi katika sinema. Ubishi huo una maana, kwa kuwa kila upande unataja kilichopotea na kilichopatikana.

Wapenzi wa hadithi hizi wenyewe hushika kanuni hiyo bora bila kujua. Mchezo wa televisheni wa Game of Thrones ulipomalizika mwaka 2019, watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi kwamba sehemu ya mwisho itengenezwe upya. Walikuwa wakilinda kitabu gani? Kitabu cha tano cha George R. R. Martin kilitoka mwaka 2011, na cha sita kilikuwa hakijatoka mchezo ulipokwisha. Hapakuwa na ukurasa wa kufungua. Walihukumu kwa kipimo kingine: kama mtu aliyejengwa kwa miaka minane amegeuzwa kwa sababu inayotosha. Huo ndio uhakiki. Waliposhindwa kutaja ukurasa ndipo walipolazimika kufikiri.

Lipo na jambo baya zaidi, nalo ni kwamba asili hutumiwa kuwa ngao ya chuki. Mwaka 2022 ulipotolewa mchezo mwingine uliotokana na kazi za Tolkien, The Rings of Power, zilisikika sauti kwamba watu wenye ngozi nyeusi hawana nafasi katika nchi ile, kwa kuwa kitabu hakiruhusu. Na kitabu chenyewe, katika dibaji yake, kinasema kwamba kabila moja la wale watu wafupi lilikuwa na ngozi ya kahawia kuliko wenzao. Mlinzi hakuyalinda maandishi. Aliilinda picha iliyokuwa kichwani mwake. Kijana wa Babati anayerudia kauli hiyo benchini anashika funguo za mlango uliofungwa dhidi yake mwenyewe.

Kwa kipimo hichohicho na ahukumiwe msimulizi wa sinema, yule ambaye sauti yake ya Kiswahili hufunika sauti ya kigeni, kama alivyovuma Lufufu wa Dar es Salaam. Huongeza, hupunguza, hutia mzaha, huwapa watu majina ya mtaani. Mlinzi humwita mharibifu. Lakini kazi yake ni ileile ya aliyemgeuza paka kuwa paa. Akimfanya msaliti aeleweke kuwa msaliti kwa lugha ya wasikilizaji, ametenda vyema. Akiufunika msiba kwa kicheko cha bure, na alaumiwe kwa hilo, wala si kwa kufungua kinywa.

Sasa na itazamwe shule, ambako asili inatawala bila mpinzani. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na mwanafunzi huisoma akitafuta majibu ya mtihani: wajumbe ni sita, dhamira ni hizi, tamathali ni zile. Ni nadra aulizwe kama mfalme aliyeacha wajumbe wake wateseke kifungoni anastahili sifa siku anapowafungua, au kama Karama angeshinda mbele ya mfalme mwenye moyo mgumu zaidi. Nchi ya ajabu ya Waswahili imefanywa orodha, na nchi za ajabu za wageni zimeachiwa ubishi. Kisha watu wazima hushangaa kwa nini vijana wanazipenda za wageni!

Hasara kubwa iko karibu zaidi. Wairaqw wanasimulia juu ya Looa, jua lenye huruma ya mama, na juu ya pepo wakaao majini, ambao mtu hujihadhari nao. Mkusanyo wa William Kamera, Tales of the Wairaqw of Tanzania, ulichapwa mwaka 1976, nao ukatoka kwa Kiingereza. Kukusanya ni kazi njema. Lakini hadithi iliyokusanywa na kuwekwa rafuni kama ushahidi wa kabila haina tofauti na mnyama aliyejazwa pamba. Anayetaka kuisimulia upya kwa Kiswahili, au kuitia katika sinema, huambiwa kwamba si hivyo ilivyo, kwamba wazee hawakusema hivyo. Wazee gani? Waliosimulia kwa namna kumi, kila mmoja kwa watoto wa nyumba yake, wakikatizwa na kuulizwa na kujibu?

Hadithi haifi kwa kubadilishwa. Hufa siku ambayo hakuna mtu aliyeudhika kwa namna ilivyosimuliwa. Kijana wa Babati anayeweza kubishana usiku kucha juu ya Faramir anao ufundi wote unaotakiwa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuutumia juu ya pepo wa maji yaliyo jirani naye. Ruhusa hiyo haimo mikononi mwa Tolkien wala mwa watengenezaji wa sinema. Imo mikononi mwa walimu, wahariri na wazee wanaoishikilia kwa jina la heshima. Na waiachilie. Kisha siku hadithi ya nyumbani itakaposimuliwa vibaya, mlinzi na asimame benchini pamoja na wengine, ataje kilichopotea, na angojee kujibiwa.