Umeme Kwanza, Diski Baadaye

Seva ya Linux inapozimika na kujiwasha yenyewe katika ofisi ya Mji Mkongwe, lawama ya kwanza huangukia draiva ya diski, kwa sababu ikishawaka skrini hujaa ujumbe wa mafaili yaliyoharibika. Naiona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Uharibifu huo mara nyingi ni matokeo ya kuzimika ghafla, wala si chanzo. Draiva inapokosea, kerneli kwa kawaida hulalamika kabla ya kuanguka: diski haijibu, ombi limerudiwa, kiungo kimeanzishwa upya. Umeme ukikatika hakuna malalamiko. Kumbukumbu za mfumo hukomea njiani, na mstari unaofuata ni wa mashine kuwaka. Na Unguja tuna sababu ya kuushuku umeme, kwani hutufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na waya huo ulipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa bila umeme huo hadi Machi 2010. Wapo watakaosema diski iliyokwama haiwezi kuandika malalamiko yake yenyewe. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito. Ndiyo maana kumbukumbu zipelekwe pia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao. Kisha zisomwe takwimu za SMART, yaani hesabu ambazo diski hujiwekea kuhusu hali yake: makosa ya CRC, yaani ya data kuharibika njiani kati ya diski na mashine, yakizidi kupanda huku sekta mbovu zikibaki sifuri, mtuhumiwa wa kwanza ni kebo au kiunganishi chake, ambacho hewa yetu ya chumvi huweza kukila taratibu, na kununua diski mpya hapo ni kutupa fedha.