Loki ya simu za ng'ambo: Mpaka uliohamia mfukoni

SIMU ya kisasa iliyonunuliwa kwa mkataba Marekani inaweza kuvuka bahari, ikapita Dar es Salaam na Makambako hadi Ipelele, mkoani Njombe, na bado ikabaki mali ya mtandao wa huko ilikotoka. Inawaka, inapiga picha, lakini ikitiwa laini ya Tanzania haipigi simu wala haipokei fedha.

Chanzo chake ni biashara. Kampuni za simu za nchi hizo zilizoea kumpa mteja kifaa cha thamani kwa bei ya chini, kisha kurejesha gharama kidogo kidogo kupitia mkataba. Ili mteja asihamie kwa mshindani kabla ya kumaliza deni, simu hufungwa loki. Kila laini hubeba tarakimu zinazotambulisha nchi na kampuni. Za Tanzania huanza na 640. Simu yenye loki husoma tarakimu hizo, na isipoziona ilizopangiwa hukataa kujiunga. iPhone ya kwanza iliuzwa Marekani mwaka 2007 ikiwa imefungwa kwa kampuni ya AT&T.

Afrika Mashariki, kwa upande wake, ilitangulia kuondoa mipaka katika laini. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, ambayo leo ni Airtel, iliunganisha mitandao yake ya Tanzania, Kenya na Uganda, na mteja aliyevuka mpaka akapokea simu bila malipo. Kwa simu yenye loki, mpaka ule ule umehamia ndani ya kifaa.

Hasara yake haiwaelemei wote sawasawa. Mnunuzi aliye jirani na Kariakoo anaweza kurudi dukani siku hiyo hiyo. Yule wa Ipelele, katika milima ya Makete, hulazimika kulipa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajajua kama fedha yake itarejeshwa. Aidha, milimani mtandao unaoshika upande mmoja wa bonde huweza kupotea upande wa pili. Muuza viazi anayesubiri malipo kwa simu anahitaji uhuru wa kubadili laini kuliko mkazi wa mjini.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba simu halisi ni simu huru. Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia, na wananchi wakazoea kubonyeza *#06# ili kupata namba ya utambulisho wa kifaa. Uhakiki huo ni muhimu, lakini hujibu swali moja tu: je, simu ni halali? Simu inaweza kuwa halali kabisa na bado ikawa na loki.

Njia salama ya kuiondoa ni kampuni iliyoifunga kutoa kibali baada ya deni kwisha. Hivyo ndugu aliye ng'ambo ndiye anayepaswa kumaliza jambo hilo kabla ya kuituma. Fundi wa mtaani huweza kufaulu kwa baadhi ya simu, lakini akifikia kubadili namba ya utambulisho, anaingia katika kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Mataifa mengine yamechukua hatua. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 kumruhusu mteja kufungua simu yake, ingawa loki za mikopo zingalipo. Canada ilipiga marufuku uuzaji wa simu zenye loki kuanzia Desemba 2017, na Uingereza ikafuata Desemba 2021.

Tanzania ilimpa mwananchi haki ya kuhama mtandao na namba yake kuanzia Machi 1, 2017. Haki hiyo hupoteza maana mikononi mwa mtu ambaye simu yake haikubali laini nyingine. TCRA na Tume ya Ushindani zingeweza kumtaka kila muuzaji wa simu zilizotumika aandike kwenye risiti kama kifaa kina loki, na arejeshe fedha akisema uongo.

Hadi hapo, mnunuzi asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Atie laini yake mwenyewe, apige simu mbele ya muuzaji, ndipo atoe fedha.