Mizani Nayo Huchoka

Wengi hudhani ya kuwa mizani ikishanunuliwa haidai kitu tena. Lakini ni chombo kama jembe na baiskeli: hufanya kazi, huchoka, humhitaji fundi. Tofauti ni hii: jembe likivunjika, mwenyewe huona, mizani iliyoharibika huendelea kusema, na wote huisadiki.

Springi iliyobebeshwa mzigo kupita nguvu zake, au iliyoachwa na mzigo siku nyingi, hairudi tena barabara mahali pake. Mizani ya mkono nayo huliwa na kutu pale mkono unapoegemea, na mawe yake huchakaa kwa kushikwashikwa.

Tazameni hasara yake. Mizani ikipunguza kilo 2 katika kila gunia la kilo 50, mkulima aliyeleta magunia 25 amepoteza kilo 50, yaani gunia zima, wala hakuna mwizi aliyeonekana. Zahanatini ni vibaya zaidi. Mtoto wa kiume wa miezi 6 mwenye kilo 6 na gramu 100 amepungukiwa uzito. Mizani ikizidisha nusu kilo, mama atasifiwa na kurudishwa nyumbani, hali mwanawe ana njaa.

Basi, ijaribuni. Lita 1 ya maji safi ina uzito wa karibu kilo 1. Pimeni ndoo tupu, kisha mtie lita 10 kwa kipimo cha lita mnachokiamini: uzito uongezeke kilo 10. Ukipungua au kuzidi waziwazi, msikunje springi wala msitie mafuta kwa kubahatisha. Irudisheni kwa walioitengeneza, au kwa wakala wao.

Kwanza waandikieni: taja namba ya chombo, eleza kosa lake, uliza gharama. Kisha ondoeni sahani, fungeni mkono usichezecheze, na mpeleke mawe yake yote pamoja, kwa maana fundi huyapima nayo. Sanduku liwe imara, na ndani mjaze vitu laini. Ikirudi, dai hati inayoonyesha kosa lililokutwa kabla ya matengenezo. Bila hiyo hamtajua hesabu zenu za nyuma zilipotoka kiasi gani. Tena ijaribuni upya, kwa kuwa safari nayo hudhuru.

Asiwepo wa kuona haya. Kilo yenyewe ilipimwa vivyo hivyo. Tangu 1889, kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha platini na iridi, kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Mataifa yalipewa nakala zake, nazo zilirudishwa huko kulinganishwa. Baada ya miaka mia hivi ilionekana kwamba uzito wa nakala nyingi na wa kile kipande umeachana kwa karibu sehemu 50 za milioni ya gramu. Ni kidogo mno, lakini wataalamu hawakukidharau: tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha madini, bali kanuni ya maumbile isiyochakaa.

Ikiwa waliolinda kilo ya dunia walikubali kukaguliwa, je, mwenye duka na mnunuzi wa mazao watakataa kwa sababu gani? Mnunuzi mwaminifu hachukii kuulizwa, "Bwana, mizani hii ilipimwa lini?" Tuulize kwa adabu, tena tuulize kila mwaka.