Balbu Inayogombana na Redio

Giza linapoingia Tororo, katika kota za askari familia huhitaji mambo mawili: mwanga wa watoto kusomea, na redio ya kusikilizia habari. Kwa mke wa mwanajeshi aliye kazini mbali, taarifa ya habari si burudani. Kumbe katika nyumba nyingi mambo hayo mawili hugombana. Mama awashapo taa, redio hukwaruza. Aizimapo, sauti hutakata. Lawama huangukia redio, nayo hupelekwa kwa fundi asiyeona ubovu wowote. Ubovu umo shingoni mwa balbu.

Balbu hizo za mirija iliyopindwa, ambazo madukani Busia huitwa enaji seva, zilienea baada ya ukame wa 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na mitambo ya Jinja ikashindwa kutoa umeme wa kutosha. Mwaka 2007 Serikali ya Uganda iligawa mamia ya maelfu ya balbu hizo bure, na mwaka 2010 zikagawiwa pia nchini Kenya. Sababu ilikuwa wazi: balbu ya wati 15 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60.

Balbu ya zamani ilikuwa na waya tu uliowaka. Hii ina mtambo mdogo shingoni, unaougeuza umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde kuwa wa mizunguko zaidi ya 20,000. Mageuzi hayo huzaa mawimbi yanayofika hadi masafa ya kati ya redio. Kiwanda chenye uangalifu hutia kichujio cha kuyazuia. Kile kinachotafuta bei ya chini hukiacha. Stesheni za FM huathirika kidogo tu.

Mtambo huohuo ndio unaoamua umri wa balbu. Kisandukuni huandikwa, kwa mfano, saa 6,000. Nyumba inayowasha taa saa tano kila usiku ingetarajia siku 1,200, yaani zaidi ya miaka mitatu, hali balbu ya zamani ya saa 1,000 ingeishi siku 200. Hesabu hiyo si uongo, ila ina masharti. Hupimwa kwa balbu nyingi pamoja, na nusu yake huweza kufa kabla ya saa hizo kutimia. Aidha, katika vipimo balbu huwashwa karibu saa tatu mfululizo ndipo ikazimwa. Ile ya chooni, inayowashwa na kuzimwa kila dakika chache, haiwezi kufika huko. Joto nalo huiua mapema, hasa balbu ikifungiwa ndani ya kifuniko cha kioo, na umeme unaopanda na kushuka humaliza kazi.

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye nyumba na afanye jaribio. Azime taa zote, awashe redio kwa betri, kisha awashe taa moja moja. Balbu yenye makosa itajitangaza yenyewe. Redio isogezwe mbali nayo hatua mbili tatu na kugeuzwa upande, kwa maana antena iliyomo ndani ya redio ya masafa ya kati hupokea vema zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Redio iliyochomekwa ukutani hupokea mkwaruzo pia kupitia waya, hivyo betri husaidia. Taa zote zikizimwa na kelele ikabaki, yamkini inatoka kwa jirani. Hapo pana haja ya mazungumzo ya upole, si ugomvi wa ukutani.

Balbu hizo zina zebaki kidogo. Ikivunjika, watoto watolewe nje, madirisha yafunguliwe kwa robo saa, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu bila ya kufagia, kisha vitiwe katika chupa yenye kizibo. Kwa ajili ya zebaki hiyo, mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya balbu hizo za majumbani ifikapo 2025. Zilizokwisha nunuliwa zaweza kutumika hadi zife.

Za LED zinazoshika nafasi yake hazina zebaki, wala hazidhuriki kwa kuwashwa mara kwa mara. Hata hivyo nazo zina mtambo shingoni, na ya bei ya kutupa yaweza kukwaruza redio vilevile. Wahenga walinena: rahisi ghali. Anunuaye Busia, upande wowote wa mpaka, atazame alama ya shirika la viwango, adai risiti, na balbu ijaribiwe karibu na redio siku hiyohiyo, wakati mwenye duka angali anamkumbuka.