Una wafuasi elfu ishirini, lakini huna anwani

Hebu jiulize swali dogo. Mtu akitaka kukupata mtandaoni leo, anapitia wapi? Jibu nalijua. Utampa jina lenye alama ya @ mbele yake, la TikTok ama la Instagram, au utamwambia tu, "nitumie meseji WhatsApp." Sasa swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: hapo unapompeleka, ni kwako?

Mimi ni mjenga tovuti. Ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Na mtazamo wangu, ambao najua si wangu peke yangu katika kazi hii, ni kwamba vijana wa Kenya tumejenga karibu kila kitu, biashara, muziki, siasa, hata mapenzi, kwenye ploti ya mtu mwingine. Akaunti ya mtandao wa kijamii ni nyumba ya kupanga. Unapaka rangi, unaweka kochi, majirani wanakuzoea, lakini kufuli ni la landilodi. Tena huyu ni landilodi usiyewahi kumwona, na hana hata keateka wa kubishana naye pale getini.

Unakumbuka Oktoba 4, 2021? Jumatatu jioni, WhatsApp ikagoma, Instagram ikagoma, Facebook ikagoma. Watu wakawa wanazima simu na kuwasha, wengine wakanunua data mara ya pili wakidhani ya kwanza imeisha. Kilichotokea ni hiki: wahandisi wa Facebook walikuwa katika marekebisho ya kawaida, amri moja ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data, na zile seva zinazouambia ulimwengu "Facebook inapatikana hapa" zikajiondoa kwenye intaneti. Kwa takriban saa sita kampuni nzima ilikuwa kama haijawahi kuwepo. Hata baadhi ya wafanyakazi wake walitatizika kuingia ofisini. Muuza viatu wa Kamukunji anayepokea oda kwa WhatsApp hakuwa amekosea lolote. Tovuti nyingine siku hiyo zilifunguka kama kawaida.

Hiyo ilikuwa ajali. Kuna mambo mengine ambayo si ajali. Instagram haikubali linki ibonyezwe ndani ya maelezo ya picha, ndiyo maana kila mtu huandika "linki iko kwa bio". Kwenye X, Elon Musk mwenyewe alishauri Novemba 2024 kwamba watu waandike maelezo kwenye chapisho, kisha linki waiweke chini kwenye jibu. Huhitaji shahada ya kompyuta kuelewa sababu. Linki ni mlango wa kutokea, na mwenye duka la matangazo hataki utoke. Ukitoka, macho yako yameenda kwa mwingine.

Sisi wenye kazi ya programu tulipata somo hili kwa uchungu. Kulikuwa na programu ya simu iliyoitwa Apollo, ya kusomea Reddit, iliyotengenezwa na mtu mmoja tu na kupendwa mno. Mwaka 2023 Reddit ikatangaza bei mpya ya kutumia data zake. Mwenyewe alipiga hesabu akapata angedaiwa takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Apollo ilifungwa Juni 30, 2023. Miezi michache kabla, Twitter ilikuwa imefungia programu za nje za aina hiyo, hata kabla haijaitwa X. Na kama wewe ni msanii, yako ni ya MySpace: mnamo 2019 ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwa miaka 12 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Nyimbo zaidi ya milioni 50. Hapakuwa na wa kushtaki.

Lakini tuje kwa siasa, maana hapo ndipo jambo hili linaacha kuwa la wafanyabiashara na wasanii pekee.

Juni 2024 uliona mwenyewe nguvu ya mitandao. Mswada wa Fedha ulichambuliwa kwa TikTok kwa lugha za kienyeji, mijadala ya X ikaenda hadi usiku wa manane, na Juni 25 waandamanaji wakaingia Bunge. Siku iliyofuata Rais William Ruto akasema hatatia saini. Hakuna tovuti ingeweza kuwasha moto ule, na mjenga tovuti anayekuambia vinginevyo anakuuzia mbuzi ndani ya gunia. Alasiri ya hiyo Juni 25 intaneti ilizorota ghafla. Siku moja tu kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuizima. Safaricom ikaeleza kuwa nyaya mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu. Siku hiyo hiyo, saa hizo hizo. Haya.

Mwaka uliofuata ulipokuja Mswada wa Fedha wa 2025, kulikuwa na kitu tofauti, na ndicho ninachotaka ukiangalie kwa makini. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe umma katika kazi yake ya kutunga sheria. Kwa vitendo, hilo humaanisha kuwa mwananchi anaweza kuandika maoni yake na kuyatuma kwa Karani wa Bunge la Taifa. Yaandikwe, yatumwe. Hashtegi haipokelewi hapo. Video yako ya sekunde 40, hata ikitazamwa mara milioni moja, haiingii kwenye faili ya kamati.

Rose Njeri, mtaalamu wa programu jijini Nairobi, aliziba pengo hilo. Alitengeneza ukurasa mdogo wa wavuti ulioeleza vipengee vyenye utata, kikiwemo kile ambacho kingeipa KRA nafasi ya kuchungulia data za kibinafsi, kisha akaweka kitufe. Ukikibonyeza, barua pepe ya kupinga mswada inaelekea bungeni. Basi. Hakukuwa na kudensi, wala hapakuwa na haja ya kuwa na wafuasi.

Alikamatwa Ijumaa, Mei 30, 2025, na vifaa vyake vikachukuliwa. Akakaa seli wikendi yote ya Madaraka, hadi Jumanne Juni 3 alipofikishwa katika mahakama ya Milimani na kushtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, eti aliingilia bila idhini mfumo wa kompyuta wa ofisi ya Bunge. Aliachiliwa, na Juni 20 hakimu akaamua kuwa mashtaka hayo hayaonyeshi kosa lolote.

Kiufundi, shtaka lile lilikuwa la ajabu tangu mwanzo. Kuingilia mfumo ni kuvunja mlango: kudukua nywila, kupachika programu hatari, kuizidi seva nguvu makusudi hadi ianguke. Anwani ya barua pepe iliyotangazwa ili watu watume maoni inapopokea maoni, hiyo ndiyo kazi yake. Sanduku la posta likijaa barua, humkamati aliyeuza stempu. Lakini ukiweka ufundi kando, kukamatwa kule kulisema kitu ambacho hata sisi wa tovuti tulikuwa tumeanza kukisahau. Ukurasa mmoja mwepesi, uliojengwa na mtu mmoja, ulitosha kuisumbua serikali, kwa sababu uligeuza kelele kuwa karatasi.

Sisemi kwamba chapisho la kawaida ni salama. Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa mwezi huo huo wa Juni kwa sababu ya chapisho la X kuhusu afisa mkuu wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Ninachosema ni kwamba vitu hivi viwili vina kazi tofauti, nasi tumekuwa tukiupa mtandao wa kijamii kazi zote mbili. Unaita watu vizuri sana, lakini kuhifadhi hauwezi. Jaribu leo kuitafuta ile video ya 2024 iliyokufafanulia vyema ushuru wa asilimia 16 kwa mkate. Nakutakia kila la heri.

Tena si ati Njeri alianzisha jambo geni. Kenya ina ukoo wa tovuti za aina hii. Mzalendo, inayofuatilia wabunge, ilianzishwa na Ory Okolloh na mwenzake karibu 2006, wakati tovuti ya Bunge ilikuwa imefungwa baada ya baadhi ya waheshimiwa kulalamika kuwa wasifu wao umeanikwa. Ushahidi ilitengenezwa kwa siku chache Januari 2008, nchi ikiwaka, ili watu waripoti kwa SMS na wavuti mahali ghasia zilipo, na ripoti zionekane kwenye ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilikuwa ikitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Sasa mbona hatujengi nyingi zaidi? Hapa lazima niwaseme wenzangu. Kijana akiingia darasa la kuunda tovuti leo, mara nyingi jambo la kwanza kufundishwa ni React, na React ilitoka wapi? Facebook, 2013. Si kifaa kibaya, nakitumia. Lakini kilitengenezwa kwa matatizo ya kampuni yenye watumiaji mabilioni, na sisi tunakibeba kwenda nacho kwa menyu ya kibanda cha chapati. Ukurasa wa kawaida wa wavuti duniani sasa unapita MB 2. Mteja wako anayetumia data ya bob 20, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, anaona kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu anarudi TikTok. Na hapo huwezi kumlaumu. Menyu, bei, namba ya simu na picha mbili zilizopunguzwa vizuri haziwezi kufika hata nusu ya MB. Anayekutoza Sh80,000 kwa tovuti inayochukua sekunde kumi kufunguka amekuibia, hata kama ina picha zinazoelea.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Jina la .co.ke au .me.ke, ambayo yote yako chini ya KeNIC, hugharimu kama Sh1,000 kwa mwaka, ama zaidi kidogo kutegemea unamnunulia nani. Ni bei ya mtumba mzuri wa Gikomba. Kurasa zenyewe, kama ni maandishi na picha tu, unaweza kuziweka bure mahali kama GitHub Pages. Utaniambia huko nako ni kupanga. Kweli, lakini tofauti ni jina. Mwenye seva akikusumbua, unachukua folda yako, unaipeleka kwa mwingine, unaelekeza jina lako huko, na mteja hatajua umehama. Jaribu kuhama Instagram na wafuasi wako uone. Ukiweza, omba pia watu wakuachie barua pepe. Orodha ya watu 300 waliokupa anwani zao kwa hiari ni yako kuliko wafuasi elfu ishirini ambao algoriti huamua nani akuone leo.

Na anza na HTML ya kawaida. Aprili 1993, CERN kule Uswisi ilitangaza kuwa teknolojia ya wavuti ni ya umma, bila malipo. Ukurasa wa kwanza kabisa, wa Tim Berners-Lee, umerejeshwa mahali pake na simu yako inaufungua hadi leo bila shida. Nitajie programu ya simu ya miaka kumi iliyopita inayoweza kufanya hivyo.

Majirani nao watazame. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, baada ya Facebook kuondoa akaunti zilizohusishwa na serikali. Tanzania ikafunga X Mei 2025. Hapa kwetu Telegram imewahi kubanwa msimu wa KCSE ili kuzuia wizi wa mtihani. Unaona jinsi ilivyo rahisi? Ni jina moja la kufunga, na kila aliyekuwa ndani ananyamaza siku moja. Kufuatilia tovuti elfu kumi ndogo, kila moja na jina lake, ni kibarua kingine.

Kibarua, lakini si muhali. Oktoba 15, 2025 Rais alitia saini marekebisho ya ile sheria ya 2018, na sasa kamati ya kitaifa ya masuala ya kompyuta ina mamlaka ya kuagiza tovuti au programu ifungwe ikionekana kuendeleza mambo haramu, ugaidi, ponografia ya watoto ama itikadi kali za kidini. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vipengee, vile vya unyanyasaji wa mtandaoni. "Mambo haramu" ni maneno mapana. Mwaka huo huo tulishaona kitufe cha barua pepe kikiitwa uhalifu kwa wiki tatu kabla hakimu hajasema la.

Kwa hivyo ukishajenga, folda hiyo usiiache mahali pamoja. Nakala moja kwa flashi, nyingine kwa mtu unayemwamini, ikiwezekana aliye nje ya nchi. Ikiwa ni kurasa za maandishi, zote zitaingia kwa flashi ya GB 4 na bado utabaki na nafasi ya nyimbo.