Shilingi Haikuliua Shamba la Kisarawe

"Usitie hela kwenye kampuni ya shamba mpaka shilingi itulie." Ushauri huu utausikia Kariakoo, utausikia kwenye vikao vya VICOBA, na ndugu zetu walioko Ulaya na Ghuba wanaambiana hivyohivyo kila wanapofikiria kuleta akiba nyumbani. Wanaamini kampuni za kilimo za Afrika huangushwa na mambo mawili: sarafu inayoshuka na serikali inayokopa. Mwenye akili, wanasema, anunue kiwanja Kibaha, ashike dola au anunue hatifungani, na kilimo kikubwa awaachie wageni wenye fedha za kigeni.

Naupinga ushauri huu. Ushahidi uko wilayani Kisarawe.

Kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilikuja huko kulima mbono, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea injini. Ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11, kwa hati ya miaka 99. Mmiliki wake alikuwa Trading Emissions, kampuni ambayo hisa zake ziliuzwa katika soko la London. Mtaji ulitoka nje na mafuta yenyewe yalikusudiwa kuuzwa nje. Kila kitu ambacho washauri wetu wanakiita usalama, Sun Biofuels ilikuwa nacho. Mwaka 2011 ikafilisika, na watu zaidi ya 700 wakapoteza ajira, wengi wao wanavijiji walewale walioachia ardhi.

Kuna atakayenikumbusha kwamba mwaka huo shilingi nayo iliporomoka. Ni kweli. Lakini kampuni inayolipa vibarua kwa shilingi na kutarajia kuuza kwa dola hupata nafuu shilingi inaposhuka. Kama sarafu ndiyo ingeamua, shamba lile lingenenepa.

Kilichoiua ni zao lenyewe. Mbono ilinadiwa duniani kote kama mti unaostawi kwenye udongo maskini bila maji. Kustawi unastawi, ila kuzaa mbegu za kulipa mkopo kunataka rutuba, mvua na miaka ya kusubiri. Tena hesabu zote zilipigwa wakati mafuta ya petroli yalikuwa ghali: Julai 2008 pipa lilifika dola 147, na kufikia Desemba lilikuwa chini ya dola 40. Huko Kilwa, Bioshape ya Uholanzi, iliyokuja na mbono hiyohiyo, ilifilisika mwaka 2010. Hao walikuwa na euro.

Linaloniuma zaidi ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haipewi mwekezaji mgeni moja kwa moja. Kwanza Rais huihamisha kuwa ardhi ya jumla, kisha mamlaka ya uwekezaji ya serikali ndiyo inayomkabidhi mwekezaji. Kampuni ikifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Sun Biofuels ilipoanguka, shamba liliuzwa kwa wawekezaji wengine, na wanavijiji waliokuwa wakilalamikia fidia na njia za kwenda kwenye maji na makaburi wakabaki kuuliza sasa wamdai nani. Hapo shilingi ina kosa gani?

Sasa tazama kampuni iliyoishi. Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya Kiwanda cha Sukari Kilombero kwa Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake, ikabakiza asilimia 25. Wakati huo dola moja ilikuwa chini ya shilingi 700. Mwaka 2024 ilivuka 2,600. Shilingi imepoteza karibu robo tatu ya thamani yake na kiwanda bado kinasaga miwa, tena kimepanuliwa. Kinauza sukari ambayo kila nyumba inaitaka, na kinanunua miwa kwa maelfu ya wakulima walio nje ya shamba lake ambao wana sababu zao wenyewe za kutaka kiendelee kusimama. Malalamiko yapo, ya bei na ya mizani, na mengine ni ya haki. Lakini mnunuzi yupo na mkulima yupo.

Upande wa pili wa mpaka, Kakuzi ya Kenya inauza maparachichi Ulaya. Mapema 2024, watu walipohofia kwamba Kenya ingeshindwa kulipa hatifungani yake ya dola bilioni 2, shilingi ya huko ilipita 160 kwa dola. Kwa muuza nje wa maparachichi, kushuka kwa namna hiyo humpa shilingi zaidi kwa kila dola. Kipigo cha Kakuzi kilikuja 2020, baada ya madai kwamba walinzi wake walitesa wanavijiji: Tesco na maduka mengine ya Uingereza yakasitisha ununuzi, na mwaka uliofuata kampuni mama, Camellia, ikakubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza kesi. Mwenye hisa aliyekuwa akikodolea macho kiwango cha dola alikuwa akilinda mlango ambao mwizi hakuupitia.

Deni halikosi madhara. Kampuni iliyokopa dola na kuuza ndani kwa shilingi imejifunga kamba shingoni, na serikali iliyobanwa na madeni huchelewesha marejesho ya VAT ya wanaouza bidhaa nje. Hayo uyaulize. Ila utayakuta ndani ya vitabu vya kampuni husika, wala si kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha.

Wakulima wa korosho wa Chole, hukohuko Kisarawe, wanaijua dola kuliko hao washauri. Miezi ya kiangazi mtu anabeba bomba mgongoni, kitambaa puani, anapuliza salfa kuukinga mkorosho na ubwiriunga. Salfa inatoka nje, na dola ikipanda nayo inataka kupanda. Lakini korosho ghafi anayoipeleka kwenye ghala la chama chake cha ushirika, AMCOS, inakwenda India na Vietnam, nayo bei yake inafuata dola. Anaumia huku, anapata kule, na msimu unaofuata anapalilia tena. Msimu uliomvuruga ni ule wa 2018, serikali ilipozuia minada, ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kuisomba. Wapo waliosubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Amri moja iliyotolewa katikati ya msimu ilimgusa kuliko miaka mingi ya kushuka kwa shilingi.

Imani hii ya shilingi ina wanaofaidika nayo. Inamwondolea lawama mwekezaji aliyelima zao lisilo na mnunuzi, inamwondolea lawama afisa aliyebariki hekta 8,000 bila kuuliza kampuni ikifa itakuwaje, na inawashawishi wenye akiba zao kwamba kilimo kikubwa si chao. Leo mkazi wa Kisarawe mwenye laki tano anaweza kwenda Soko la Hisa la Dar es Salaam akanunua hisa za bia, sigara, saruji, benki na simu. Hisa za sukari ya Kilombero hazimo. Serikali ianze hapo: katika asilimia yake 25, itenge sehemu iuzwe kwa wananchi, wakulima wa miwa wakipewa nafasi ya kwanza. Na kila hati ya shamba la mwekezaji itakayotolewa kuanzia sasa, iwe ya Mzenga, Marumbo au Chole huko Kisarawe, iwe na sharti moja lisilofutika: kampuni ikifilisika, ardhi inarudi kwa kijiji kabla mdai yeyote hajaigusa.